Neno "Hasikii" na Muhuri Uliofungwa Kwenye Kanga

Siku niliyochukua muhuri wa ofisi nikaufunga kwenye pindo la kanga yangu, sikuwa nimepanga. Vijana wangu, naanza na hilo kwa sababu ndilo mnaloniuliza kila mkija hapa nyumbani, na kila mtu amelisikia kwa mtu mwingine na kuongeza chumvi. Hakuna aliyepigwa kofi. Hakuna kiti kilichorushwa. Ulikuwa muhuri tu, na kanga.

Nilikuwa karani wa taipu katika ofisi ndogo ya masomo ya ng'ambo pale Kibaha, ofisi ambayo ilishafutwa zamani na jina lake siliandiki. Jina la mkuu wetu pia siliandiki, wajukuu zake tunaswali nao. Miaka ile ya Ujamaa sote tuliitwa Ndugu. Kwenye barua alikuwa Ndugu Mkuu. Mdomoni alitaka umwite Mheshimiwa, na usipomwita hivyo anajifanya anatafuta kitu kwenye droo mpaka ukosee adabu au ukumbuke.

Asubuhi hiyo niliingia kwake na watu wawili. Mmoja ni Zuhura, binti wa Kurui, huko Kisarawe, mwenye miaka kumi na tisa. Aliugua homa akiwa na miaka tisa, ikapona ikaondoka na masikio yake. Wa pili ni baba yake, Mzee Ramadhani, mkulima wa korosho. Walikuwa wametumia siku mbili kufika, kwa sababu kutoka Kurui kuja Kibaha ilibidi kuzunguka Dar. Mkononi nilikuwa na barua ya masahihisho niliyokwisha kuitaipu. Ilibaki sahihi na muhuri. Zuhura alikuwa amepata, na kisha amenyang'anywa, nafasi ya kwenda Ulaya kusomea uchapaji wa vitabu. Amenyang'anywa kwa kosa la barua iliyotoka ofisini kwetu. Wenyeji wa huko walisema wataishikilia nafasi hadi mwisho wa mwezi, basi. Na ile ilikuwa mara yangu ya tatu kuomba sahihi.

Mkuu alikuwa na tabia ya kuzungumza huku kalamu iko mdomoni, kama sigara. Kwa mtu anayesoma midomo, hiyo ni sawa na kumfungia mlango. Zuhura alikuwa anamkodolea macho, haambulii kitu.

"Huyu ndiye?" Mkuu akaniuliza mimi.

"Ndiye, Ndugu Mkuu."

"Anasikia?"

"Hasikii. Ila anasoma midomo, na yuko mbele yako. Muulize mwenyewe."

Hapo ndipo akaitoa kalamu mdomoni. Laiti angeiacha. Akacheka, akasema wazi, neno baada ya neno: "Sasa Mama Rehema, kiziwi atakwenda kusikia nini Ulaya? Mwambie mzee arudi naye shambani akafukuze ngedere. Tena huyu anafaa, kelele zao hazitamsumbua."

Zuhura akalisoma lote, mwanzo mpaka mwisho. Akajibu kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka: "Ngedere nawaona. Sina haja ya kuwasikia."

Mzee Ramadhani akavua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena. Sijui kwa nini ni ile kofia iliyonimaliza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mtoto wangu Rehema ananyonya, nimejifunga kanga juu ya gauni kwa sababu maziwa yalikuwa yanavuja na saa ya kunyonyesha ilikuwa imepita. Nikanyoosha mkono, nikauchukua muhuri juu ya pedi yake ya wino, nikaufunga fundo kwenye pindo la kanga. Nikasema: "Leo muhuri huu haugongi kitu katika wilaya hii mpaka barua ya Zuhura itoke." Nikatoka nao.

Wacheni kwanza niwe nje na muhuri wangu. Nitarudi. Nataka mjue kazi yenyewe ilikuwa kazi gani, maana ninyi mnaoifanya leo kwa kompyuta mnadhani ugumu wake ulikuwa kukosa kompyuta.

Ugumu wake ulikuwa boksi. Maombi ya kusoma ng'ambo yalipangwa kwenye trei: udaktari, uhandisi, kilimo, ualimu. Ya vijana wenye ulemavu yaliwekwa kwenye boksi la sabuni lililoandikwa WENGINEO. Hakuna aliyelifungua mpaka trei zote ziishe, na trei haziishi. Nilipewa mimi lile boksi kwa kuwa nilikuwa mgeni kazini, nimemaliza kidato cha nne, na nina mdomo. Walidhani boksi litanituliza.

Wa kwanza niliyemshughulikia alikuwa kijana asiyeona, Yosefu, aliyetaka kwenda kusomea ualimu wa muziki. Fomu ilitaka sahihi. Karani mwenzangu akamshika kidole gumba akakichovya kwenye wino kabla Yosefu hajafungua mdomo. Yosefu akasema kwa upole, "Dada, mimi najua kuandika jina langu. Ninachokosa ni mstari." Nikakunja karatasi kwenye mstari wa sahihi, nikaifungua, nikampa. Akapapasa ile alama ya mkunjo kwa kidole cha kushoto, akaandika jina lake juu yake, limenyooka kuliko langu. Tangu siku hiyo sikumpakaza mtu wino kabla ya kumuuliza. Hii si hekima, ni adabu ya kawaida, ila ofisini adabu ya kawaida hufundishwa kama ufundi.

Mwingine alikuwa Athumani wa Vihingo, anayetembea kwa magongo mawili. Fomu ya daktari iliuliza kama ana kilema chochote. Mganga wa zahanati, mtu mwema kabisa, akajaza: Hakuna. Nilipomuuliza akaniambia, "Mama Rehema, nikiandika ukweli watamnyima. Nimemhurumia." Na mimi nikaona kweli, amemhurumia. Nikaituma. Athumani alikubaliwa, akasafiri, akapewa chumba ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti, kwa kuwa karatasi yangu ilisema ana miguu miwili mizima. Akaniandikia: "Dada, huku nimepata cheo, ni mlinzi wa mnara. Nikishapanda sishuki mpaka Jumamosi." Nilicheka, halafu nikakaa chini nikaona aibu. Huruma yetu watu wawili ilimweka juu ya ngazi sabini kwa muda wa miezi mitatu, mpaka akahamishwa. Kwa hiyo andikeni ukweli kwenye fomu, na mkishaandika ukweli andikeni na mahitaji: chumba cha chini, meza pana, mtu wa kumpokea uwanjani. Mtu wa Ulaya hakujui wala hajui Vihingo. Atakachojua ni hicho ulichomwandikia.

Aliyenifundisha kazi si Mkuu. Ni Mzee Pazi, tarishi wetu. Mzaramo wa Kisarawe, mrefu, anavaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka unaweza kujikata nayo. Alikuwa anapeleka barua tangu enzi za mkoloni. Kusoma alisoma kidogo, lakini barua alizijua kama mchunga ng'ombe anavyowajua ng'ombe wake. Siku moja nilimkuta ameshika barua yangu, anaitazama chini badala ya juu.

"Shikamoo mzee. Umeishika kichwa chini?"

"Marahaba. Sijaishika kichwa chini. Natazama miguu yake." Akanionyesha pale mwishoni. "Hii barua yako haina nakala kwa mtu."

"Ni barua ya watu wawili tu, mzee. Nakala ya nini?"

"Barua ya watu wawili, mmoja akiitia kwenye droo imekufa. Ukimwandikia mmoja na kumpa nakala mwingine, yule wa kwanza kila akitaka kuifungia droo anakumbuka kuna mwenzake anaiona. Juu mnaweka heshima zenu, sawa. Nguvu iko huku chini."

Nimefanya kazi miaka thelathini na moja na sijafundishwa jambo kubwa kuliko hilo. Leo mna barua pepe, na hicho kisanduku cha nakala bado kipo. Kitumieni.

Wazazi nao walikuwa kazi nyingine. Nilikuwa nadhani wanakataa kwa ushamba. Mpaka nilipokwenda Kurui mwenyewe, kwa gari la kubebea mbegu za pamba, nikakaa kwenye mkeka kwa Mzee Ramadhani. Alinisikiliza mpaka nikamaliza hotuba yangu ya maendeleo. Halafu akaniuliza: "Mwanangu, hapa Zuhura akitembea njiani na trekta la kijiji linakuja nyuma, watoto wote wanajua kumvuta mkono. Huko aendako magari ni mengi kuliko watu. Nani atamvuta mkono?"

Zuhura, ambaye alikuwa anatutazama midomo kwa zamu, ndiye aliyejibu: "Baba, nitatembea nikigeuka. Hata hapa huwa nageuka. Hao watoto wananivuta nikiwa nimeshaliona."

Mzee akashangaa. Miaka kumi alikuwa hajui. "Sasa mbona unawaacha wakuvute?"

"Wanafurahi," akasema.

Nilimpenda binti huyo tangu pale. Alikuwa na kipaji kimoja cha ajabu: alisoma maandishi yaliyogeuzwa kama sisi tunavyosoma yaliyonyooka. Wakati ule herufi za kuchapia zilikuwa za madini ya risasi, zikipangwa moja moja, kinyume, kama unavyojiona kwenye kioo. Alikuwa amekaa miezi michache kwa mjomba wake Dar, kwenye duka la kuchapa kadi na mihuri, na mjomba alisema hajaona mtu anayekamata kosa upesi kama yeye. Na mashine zile zina kelele ya kumtoa mtu akili. Yeye anasimama katikati yake kama yuko shambani. Ulaya walikuwa na chuo cha uchapaji, miaka miwili, nafasi mbili za vijana wenye ulemavu. Kama ungetaka kumtengenezea mtu kazi kwa kipimo, kama fundi wa nguo, ungemtengenezea Zuhura ile.

Jambo jingine kabla sijasahau. Mkiongea na mtu anayesoma midomo, majina na siku andikeni. Kwenye midomo baba, mama na papa yule samaki ni kitu kimoja. Jaribuni mbele ya kioo. Siku moja Zuhura alimuuliza Mzee Pazi baba yake yuko wapi, Mzee Pazi akamjibu, "Baba yuko sokoni." Zuhura akatoka mbio kwenda kununua. Alikuwa ameona, "Papa yuko sokoni." Tulicheka mpaka Mkuu akafungua mlango.

Sasa kosa. Nimelizungukia vya kutosha.

Kila mwombaji alitakiwa awe na barua ya tabia kutoka kijijini kwake, iliyoandikwa na katibu wa kijiji. Barua zinaandikwa kwa Kiswahili, mimi natafsiri kwa Kiingereza, zinakwenda. Zilikuwa zinatangulia kufika kabla ya fomu zenyewe, na ili kwenda upesi nilijiwekea utaratibu: nazikusanya barua zote za tabia, za trei na za boksi, nazitafsiri kwa siku moja mfululizo, kisha kila moja inawekwa kwenye faili lake fomu zikija. Nilijisifu sana kwa utaratibu huo. Mkuu mwenyewe aliusifu.

Siku niliyotafsiri ya Zuhura nilikuwa bado sijamwona wala kufika Kurui. Jina lilikuwa jina tu. Na nyumbani Rehema alikuwa ameanza kutambaa, anachomeka vidole kwenye jiko la mkaa, unamwambia usiguse anakutazama huku anagusa. Asubuhi ile kabla ya kutoka nilikuwa nimesema mara kumi, "Mtoto huyu hasikii! Hasikii kabisa!" Nikaenda kazini na neno hilo mdomoni.

Barua ya katibu wa Kurui ilikuwa fupi, mwandiko mzuri: "Binti huyu ni mwema, ana bidii ya kazi, anaheshimu wakubwa, ila hasikii."

Mnaona? Yule katibu aliandika ukweli wa masikio. Mimi nikasoma maneno ya mama mwenye mtoto mtundu. Nikataipu kwa Kiingereza kwamba binti huyu ana bidii na heshima, ila ni mkaidi, haambiliki. Wala sikujiuliza mtu mwenye heshima anakuwaje mkaidi. Barua ya thelathini na kitu siku ile. Nikaitoa kwenye mashine, nikachukua nyingine.

Fomu yake nayo ilipokuja haikusaidia, maana ukurasa wa daktari ulikuwa umepotea, na mimi nikaiambatanisha hivyo hivyo. Kwanza walimkubali kwa ajili ya mchoro wa herufi aliowatumia mapema yeye mwenyewe. Kisha faili likawafikia, na barua yangu ya tabia ndani yake, wakabadili nia. Waliandika kwa adabu kubwa, kama kawaida yao: wanasikitika, hawawezi kumpokea mtu ambaye kijiji chake mwenyewe kinasema haambiliki, mashine za uchapaji ni hatari kwa asiyefuata maelekezo, na tena hawaoni popote ana ulemavu gani.

Nilimwita Zuhura nimsomee majibu. Nikampa na nakala ya barua yangu aione, nikiwa namlaumu katibu wa kijiji moyoni. Zuhura alikuwa na Kiingereza cha kidato cha pili na kamusi ndogo iliyokosa jalada. Alisoma polepole. Akarudi kwenye barua ya katibu, kidole kikiwa juu ya neno. Akarudi kwenye yangu. Akaniangalia.

"Dada," akasema, "hapa katibu amesema masikio. Wewe umesema roho."

Nimeambiwa maneno mengi makali maishani. Hakuna lililoniingia kama lile, na lilisemwa bila ukali wowote.

Nikaandika barua ya masahihisho siku hiyo hiyo. Mara ya kwanza Mkuu akasema aliangalie faili kwanza. Mara ya pili akasema ofisi ya serikali ikikiri kwamba haijui Kiswahili itachekwa, heshima ya Taifa iko wapi, binti aombe tena mwakani. Nikamwambia mwakani hakuna nafasi ya uchapaji. Akasema basi asomee kingine. Nikamwambia kosa ni langu, aandike jina langu, mimi nichekwe. Akasema karani hana jina kwenye barua. Mara ya tatu ndiyo hiyo ya kalamu na ngedere.

Sasa turudini nje, kwenye veranda, muhuri umo kwenye kanga.

Sitawadanganya: nilikuwa nakwenda kuugonga. Barua ninayo, muhuri ninao, sahihi ya Mkuu naijua kuliko yeye anavyoijua. Dakika tano zingetosha. Zuhura na baba yake walikuwa nyuma yangu. Mzee Pazi alikuwa amekaa kwenye benchi lake, na alikuwa amesikia kila kitu, milango ile ilikuwa ya mbao nyepesi.

"Mama Rehema. Hicho kwenye pindo ni nini?"

"Ni muhuri, mzee."

"Unaupeleka wapi?"

"Naugonga, barua inaondoka leo."

"Na sahihi?"

Nikaitazama barua mkononi.

"Haya, gonga," akasema. "Kesho wewe ni mwizi wa muhuri. Na huyu mwali barua yake ni ya wizi. Wakiuliza kule Ulaya, wakajibiwa kwamba ni ya kughushi, hatapata hii wala nyingine mpaka anakufa. Hasira yako wewe itapoa ukimnyonyesha mtoto. Yake yeye itapoa lini?"

"Sasa nifanye nini? Nimeomba mara tatu!"

"Umeomba kwa mdomo. Mwenye droo humwombi kwa mdomo." Akanyoosha mkono wake. "Lete huo muhuri nikaurudishe mimi, nitasema umeuangusha nikauokota. Wewe kamnyonyeshe mtoto, urudi ukae kwenye mashine yako. Mlalamikie kwa mkubwa wake. Na usisahau miguu ya barua."

Mzee Ramadhani akasema, "Mwanangu, msikilize huyo mtani wangu, leo kasema la maana. Mara ya mwisho ilikuwa enzi za Mjerumani." Wazee wakacheka, sisi wengine tukashindwa.

Nikafungua fundo. Pindo lilikuwa limeingia wino wa zambarau, na halikutoka tena. Kanga hiyo ninayo.

Nikaenda kumnyonyesha Rehema. Mchana baba yake, mume wangu, akaniuliza, "Na wakikufukuza?" Nikamwambia nitalima mihogo hapa Pangani ya Kibaha, ardhi ipo. Akaniambia, "Wewe hata bustani ya mchicha ilikushinda." Kweli. Lakini nikarudi ofisini.

Niliandika malalamiko yangu mara nne. La kwanza lilikuwa kurasa tatu za matusi yenye adabu. Nikalichana. La pili lilikuwa la kujitetea. Nikalichana. Kwenye la tatu nilimtaja Mkuu kwanza na mimi mwisho, na nilipomsomea Zuhura, kwa midomo, polepole, akaniuliza, "Aliyekosea kwanza ni nani?" Nikaweka karatasi mpya kwenye mashine.

Mnataka kujua kilichofuata, nitawaambia sasa ili tumalize na karatasi yenyewe. Mkuu wa Idara, mkubwa wa Mkuu wetu, alisaini masahihisho siku nne kabla ya mwisho wa mwezi, na ukurasa wa daktari ukaandikwa upya. Zuhura alisafiri. Mimi nilihamishiwa stoo ya madawati kwa miezi minane, kisha wakanirudisha kwa sababu hakuna aliyeweza kulifungua lile boksi. Nilipolirudia nilifuta neno WENGINEO, na ule utaratibu wa kutafsiri thelathini kwa siku niliufuta pia. Sikutafsiri tena barua ya mtu ambaye sijakaa naye. Zuhura aliniandikia kutoka chuoni kwamba wenzake wanaziba masikio kwa pamba kwenye mashine, na yeye anawatazama anacheka. Kadi za harusi ya Rehema alizichapa yeye, hazikuwa na kosa hata moja.

Hii hapa nakala ya kaboni, kama nilivyoitoa kwenye mashine. Msiniambie barua za malalamiko hazifai kitu. Someni ilivyo.

Kwa Mkuu wa Idara.

Ndugu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NENO "HASIKII"

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mtumishi wa kwanza ninayemlalamikia ni mimi mwenyewe. Nilitafsiri barua ya tabia ya Ndugu Zuhura binti Ramadhani wa Kurui bila kumwona wala kumuuliza. Katibu wa kijiji aliandika kuwa hasikii, maana yake masikio yake hayasikii sauti. Mimi niliandika kuwa ni mkaidi. Kwa kosa hilo amenyimwa nafasi ya masomo aliyoistahili. Naomba nipewe adhabu ninayostahili, ila adhabu yangu isicheleweshe barua yake.

Mtumishi wa pili ni Mkuu wa ofisi yetu. Nimempelekea barua ya masahihisho mara tatu. Mara ya tatu alimwambia Ndugu Zuhura, mbele ya mzazi wake, akafukuze ngedere. Kosa langu nililifanya kwa kutokujua. La kwake analifanya akiwa ameelezwa.

Naomba barua ya masahihisho iliyoambatanishwa itiwe sahihi na kugongwa muhuri kabla ya mwisho wa mwezi huu. Siku hiyo ikipita, nafasi atapewa mtu mwingine, na hatutaweza kumrudishia.

Mwisho, Ndugu, naomba kueleza kwamba tafsiri yangu haikuwa mbaya kila mahali. Nilikosea mtu tu. Mkuu wetu masikio yake ni mazima, hajapata kuugua homa, na nimemwambia mara tatu kwa sauti. Hasikii.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Karani wa taipu

Nakala: Mkuu wa Ofisi — kwa taarifa.
Katibu wa Kijiji, Kurui — kwa kuombwa radhi.
Ndugu Zuhura binti Ramadhani — asome, na akiona kosa arudishe.